Mkandarasi Aliyelala Shimoni

Sufiani wa Kibiti hakutaka fundi. Fundi, alisema, ni mtu wa kuziba pancha na kushona suruali. Yeye alitaka mkandarasi: mtu mwenye muhuri, mwenye karatasi zenye jina la kampuni juu, mwenye kofia ngumu kichwani hata akienda sokoni kununua nyanya. Maana nyumba ya marehemu baba yake, iliyokaa kando ya barabara ya Lindi miaka arobaini na tano bila kumsumbua mtu, sasa ilikuwa inakwenda kuwa ghorofa.

Ghorofa, jamani. Tena si ya shida. Iwe na roshani mbele yenye nguzo nne za duara, paa la kuficha nyuma ya ukuta kama yale ya Dar es Salaam, na chini kuta za ndani zitolewe ili vyumba viwili viwe sebule moja. Sufiani alitaka abiria wa mabasi ya kusini wakipita pale wageuze shingo waulizane hii ya nani, na ndani ya basi awepo mtu wa kuwajibu. Alikuwa dalali wa ufuta na korosho, mtu wa miaka hamsini na mitano, mwenye tumbo la wastani na mdomo uliolizidi tumbo kwa mbali. Mwaka ule ufuta ulikuwa umemkubali, na kila aliyemjua alijua kwamba tutakoma.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba sita, korido katikati, baraza mbele, na bati lililoshika kutu. Kuta zake zilikuwa na plasta ya saruji, laini na nene, iliyopakwa chokaa kila mwaka kabla ya Idi. Aliyewahi kukalia baraza ile alishasikia habari za kuta hizo. "Hii ni bloku ya inchi sita," Sufiani alikuwa akisema, huku akiupiga ukuta kofi kama mtu anayesifia ng'ombe wake mnadani. "Saruji ya zamani hiyo. Siyo hii yenu ya siku hizi mnayoichanganya na mchanga mpaka inatia huruma." Akisema hivyo, mama yake, Bi Mwanamina, aliyependa kukaa mlangoni na ungo wa mchele, aliinama na kuzidi kuchambua.

Kwa sababu haikuwa bloku. Tuseme mapema tusizungushane. Nyumba ile ilikuwa ya miti na udongo. Marehemu baba yake alikata boriti za mikoko kule Kiongoroni, deltani, akazileta kwa mashua mpaka Nyamisati na kwa lori mpaka Kibiti, akazichimbia, akafunga fito, akakandika. Baada ya miaka miwili mitatu alipata vijisenti, akaupiga ule udongo plasta nje na ndani. Wakwe zake walikuwa wanakuja kutembea na hakutaka waone binti yao analala kwenye udongo. Akamwomba mkewe asimwambie mtu. Bi Mwanamina akaahidi, na ahadi aliyompa mumewe akiwa hai hakuona sababu ya kuivunja baada ya kumzika. Sufiani naye alikuwepo, mtoto wa miaka kumi na kitu, yeye ndiye aliyechota maji ya kukorogea ile saruji. Lakini alikuwa amesema bloku barazani kwa miaka thelathini, wenzake wakaitikia, kahawa ikanyweka, na sasa hata yeye alikuwa haoni tena kitu kingine akiutazama ukuta ule.

Msako wa mkandarasi ukaanza. Wa kwanza alifika amepakiwa kwenye bodaboda, suruali imejaa vumbi. Sufiani akamuuliza kama kampuni yake haina gari, akamnywesha maji, akamuaga. Wa pili alikuja na pikapu, vizuri kabisa, ila kosa lake alitaka kuziona kuta kabla ya kuiona ramani. Sufiani akamwona hana adabu. Unaingia kwa mtu unaanza kumgongagonga nyumba kama daktari? Wa tatu alikuwa wa Dar es Salaam, akamtumia kwa simu picha ya ghorofa yenye bwawa la kuogelea. Hilo lilimpendeza sana, akawaonyesha watu wawili watatu msikitini, mpaka alipoiona bei. Siku hiyo hakula mchana.

Wa nne ndiye Nassibu. Alifika na pikipiki yake mwenyewe, mtu mrefu mwembamba, kofia ngumu imefifia kwa jua, muhuri mfukoni. Alikuja Kibiti miaka kumi nyuma na kampuni ya barabara, barabara ikaisha, yeye akabaki. Uso wake ulikuwa haujui kucheka. Sufiani alikuwa ameshaanza kumtafutia kasoro, akamuuliza kwao wapi.

"Tabora," Nassibu akasema. "Mimi Mnyamwezi."

Sufiani akainuka kitini, akamkumbatia.

Kwa asiyejua: watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo mgongoni. Mtani wako anakutukana na hukasiriki. Anakuingilia ndani, anakula ubwabwa wako, anakuambia umenenepa kama gunia la pumba, nawe unacheka na kumrudishia. Kwenye msiba ndiyo usiseme. Mtani anaingia kaburini, anajilaza, anasema hapa hatoki mpaka apewe chake, na wafiwa wanampa noti huku machozi yanawatoka na kicheko kinawatoka. Baadaye atavaa kofia ya marehemu na kuigiza mwendo wake, na mjane mwenyewe atacheka. Kumnunia mtani ni aibu kuliko kutukanwa na mtani.

"Kumbe umekuja na mgongo wako," Sufiani akasema. "Basi sikodi lori la kokoto."

Nassibu akamtazama bila kutikisa hata nyusi. "Nilisikia ninyi huku mnajenga baraza kwanza. Mkichoka kukaa ndiyo mnakumbuka chumba cha kulala."

Ikawa imekwisha. Ndani ya robo saa kazi ilikuwa ya Nassibu. Safina, mke wa Sufiani, mwanamke mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu, alitoka jikoni akamvuta mumewe pembeni.

"Umemuuliza amejenga wapi?"

"Mtani wangu huyo."

"Nimekuuliza amejenga wapi."

"Mke wangu, mtani hawezi kunidhulumu. Akinidhulumu nitamtukana, na hana pa kunishtaki."

Huo ndio uchunguzi wote alioufanya Sufiani. Angeuliza, angeambiwa kwamba Nassibu amejenga madarasa na nyumba za walimu upande wa Mtunda, na kwamba hakuna hata moja iliyopasuka. Lakini hakuuliza, kwa hiyo mtu mwema alimwangukia kwa bahati tu, na bahati hiyo naye aliichezea kama utakavyoona.

Mkataba ulikuwa wa kurasa tatu. Nassibu aliusoma wote kwa sauti ileile kavu, pamoja na kifungu cha nne kilichosema mkandarasi atakagua kuta na msingi, na asiporidhika atasimamisha kazi. Sufiani hakusikia. Alikuwa anatafuta mahali muhuri utakapogongwa, akaomba ugongwe mara mbili.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha tupu. Vitu vilihamishiwa nyumba ya kupanga mtaa wa pili, Sufiani na Safina wakahamia huko, isipokuwa Bi Mwanamina. Yeye alikataa. Chumba chake kilikuwa cha mbele, kushoto, dirisha linatazama barabara. Humo ndimo alimozaa, humo ndimo alimomuuguza mumewe, na kila adhuhuri humo alitandika mswala wake chini ya dirisha, akaswali, kisha akajilaza palepale mpaka alasiri. "Nitatoka mkianza kuvunja chumba hiki," alisema. "Boriti za baba yako hazijachoka." Sufiani akacheka, akawaambia mafundi mama sasa mzee, anachanganya nyumba hii na ile ya zamani.

Nassibu alimpenda yule bibi mara moja. Siku ya pili alikuja na chupa ya asali akaiweka mlangoni kwake, akasema ni posa. Bi Mwanamina akaionja kwa kidole.

"Nyuki wenu wana njaa kuliko ninyi," akasema. "Rudi na mzinga mzima, na nguo ya kueleweka."

"Nguo nitavaa ya mwanangu Sufiani. Tumbo nitajaza mto."

Tangu siku hiyo Nassibu akawa anamwita Sufiani "mwanangu", mtu aliyelingana naye umri, mbele ya mafundi wote. Sufiani alifurahi mno. Alikuwa akiwasimulia watu barazani mtani wake anavyomtukana, akiongeza na matusi ambayo Nassibu hakuyasema.

Wiki ya pili Nassibu alianza kukagua kuta. Aligonga kwa mpini wa nyundo, akaweka sikio, akagonga tena. Pembeni ya chumba cha Bi Mwanamina alibandua kipande cha plasta cha ukubwa wa sahani. Udongo ukamwagika kama unga wa muhogo. Nyuma ya udongo ikaonekana boriti, na chini ya boriti, pale ilipoingia ardhini, aliingiza bisibisi mpaka kwenye mpini. Juu ule mkoko ulikuwa mgumu bado. Chini ulikuwa umeoza kabisa.

Akamwita Sufiani. "Nyumba yako ni andazi, mwanangu. Nje kaukau, ndani hewa."

Sufiani alicheka mpaka akashika tumbo. Akamwita na muuza kahawa aje asikie.

Nassibu akasubiri wamalize. Akavua kofia ngumu. "Bwana Sufiani," akasema, "hizi kuta ni za udongo. Boriti zimekatika chini. Nyumba imesimama kwa plasta na kwa mazoea. Haibebi ghorofa. Haibebi hata bati jipya. Tuvunje yote, tuanze na msingi, na bibi atoke humo kesho. Sitanii."

"Mtani gani alisema anatania?" Sufiani akajibu, na waliokuwepo wakaangua kicheko, maana ni kweli, kila mtani huanza hivyohivyo na uso huohuo. Tatizo la Nassibu lilikuwa hilo. Angekuwa mtu mwingine yeyote, Mchaga, Mhehe, hata Mchina wa barabara, maneno yale yangemfukuza Sufiani usingizi. Kwa kuwa ni mtani, yaliingia sikioni yamekwisha kuwa kichekesho. Na tusimsafishe sana Sufiani. Neno "udongo" lilimgusa mahali. Kwa sekunde moja aliikumbuka ndoo ya maji na mikono ya baba yake iliyojaa saruji, na aliogopa. Kisha akatazama watu waliokuwa pale, wote walishamsikia akisema bloku, akacheka kwa nguvu kuliko mwanzo.

Siku tatu Nassibu alirudia. Alisema asubuhi, akasema jioni, akaandika kwenye karatasi yenye jina la kampuni na kugonga muhuri. Sufiani aliipeleka karatasi ile barazani akaisoma kama anasoma barua ya mapenzi aliyoiokota. "Imesimama kwa mazoea," alisoma. "Mnamwona huyu? Mpaka muhuri ametumia."

Siku ya nne Nassibu alichimba shimo mwenyewe. Alilichimba mbele ya dirisha la Bi Mwanamina, pale ilipotakiwa kukaa nguzo ya kwanza ya roshani, refu, jembamba, kina cha kiuno. Alitaka Sufiani aone kwa macho kwamba chini ya ukuta hakuna msingi hata wa tofali moja, ni boriti tu zinaning'inia. Sufiani alikuja, hakuinama. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akauliza kwa nini shimo halijanyooka.

Hapo ndipo Nassibu alipoingia shimoni na kujilaza. Alilala chali, akakunja mikono kifuani, macho juu. "Sitoki," akasema. "Kazi haiendelei mpaka yule bibi ahamishwe."

Ilikuwa furaha iliyoje. Wapita njia walisimama, mama ntilie aliacha chungu, pikipiki zikapaki. Mtani kaingia kaburini! Sufiani aliujua wajibu wake. Alitoa noti ya elfu kumi, mpya, akaikunjua ili watu waione vizuri, akaiangusha kifuani kwa Nassibu. "Haya toka, njaa yako imeonekana."

Nassibu akaichukua ile noti, akanyoosha mkono, akairudisha juu kwenye ukingo wa shimo. "Sitaki."

Sufiani akaongeza nyingine. Watu wakapiga makofi. Nassibu akazirudisha zote mbili, akaziwekea jiwe zisipeperuke. "Bwana Sufiani, sitaki pesa yako. Mtoe mama yako."

Wakacheka zaidi. Walisema mtani huyu mkali, huyu hatoki mpaka apewe mbuzi. Katika watu wote pale, mmoja tu hakucheka. Bi Mwanamina alikuwa dirishani, mikono kwenye nondo, akimtazama yule mtu shimoni. Alikuwa amezika watu wengi maishani mwake, alikuwa amewaona watani wengi ndani ya makaburi, wenye kudai mia tano na wenye kudai jogoo. Hakuwahi kumwona aliyerudisha.

Alifunga dirisha. Baada ya muda kidogo alitoka kwa mlango wa uani, godoro kichwani, mswala kwapani, akaenda kwenye kibanda cha jikoni kilichokuwa nyuma ya nyumba, cha makuti matupu, akalitandika chini.

Sufiani akamfuata mbio. "Mama, watu watasema nimekufukuza."

"Waache waseme."

"Ni utani tu ule, mama."

"Mtani hakatai noti," Bi Mwanamina akasema, akaendelea kunyoosha shuka. "Na leo hakukuita mwanangu. Hukusikia?"

Ikawa sasa ni vita. Mtu mwingine angeshukuru. Sufiani alidhalilika. Mama yake mzazi, wa miaka themanini, analala jikoni na moshi, na ghorofa inajengwa mbele yake, tena baada ya kila mtu kusikia kwamba mkandarasi aliyemchagua kwa mdomo wake ndiye aliyemtoa. Jioni hiyo alimwambia Nassibu utani umezidi mipaka na kazi basi. Nassibu akakunja ramani, akaikabidhi, akamwonyesha kifungu cha nne, akamwomba jambo moja: asimrudishe bibi chumbani. Kisha akawasha pikipiki.

Kesho yake akaja Iddy. Huyu alikuwa na kofia ngumu mpya kabisa, karatasi ya bei bado imenata nyuma. Hakugonga ukuta, hakuchungulia shimo. Kila alichoulizwa alijibu, "Inawezekana, bosi." Ghorofa juu ya kuta hizi? Inawezekana, bosi. Kabla ya Ramadhani? Inawezekana. Mama anasema ni boriti. "Wazee hao, bosi," Iddy akasema, na Sufiani akahisi moyo umetua. Alikuwa amempata mkandarasi wa kweli.

Iddy alianza na sebule. Kwa siku tano watu wake walipiga nyundo wakautoa ukuta wa ndani uliokuwa unagawa vyumba viwili vya kushoto, kimoja kikiwa cha Bi Mwanamina. Kitanda chake cha chuma cha besela walikisogeza kwenye ukuta wa mbele, chini ya dirisha. Wakati wakivunja, kilichoanguka kilikuwa udongo na vipande vya fito, na Iddy alikiona, na mafundi wake walikiona. Walikizoa kwa toroli wakakimwaga nyuma. Bosi hakuuliza.

Na kila siku Sufiani alikwenda kibandani kumbembeleza mama yake. Hapo ndipo alipokuwa wa kuchukiza na wa kuhurumiwa kwa pamoja. Alimletea chapati. Alimwambia mvua za vuli zinakuja, makuti yanavuja. Alimwambia chumba bado kipo, dirisha lake lipo, kitanda kimewekwa vizuri, arudi walau mchana aswali mahali pake kwa utulivu. Alhamisi alimwambia huku sauti ikimkatika kwamba anamtia aibu mjini. Bi Mwanamina akamtazama sana. Alikuwa mama, alikuwa na huruma, na kibanda kwa kweli kilikuwa kinavuja, maana ilinyesha tangu Jumatano. "Haya," akasema. "Kesho Ijumaa. Nitakwenda niswali humo, roho yako itulie."

Ijumaa asubuhi mvua ilikatika. Mafundi walifunga kazi saa tano na nusu kwenda kuoga. Sufiani alipitia kibandani, amevaa kanzu, ananukia udi. "Usisahau, mama," akasema, "mswala wako nimekwishautandika dirishani." Akaenda msikitini na moyo mweupe.

Imamu alikuwa katikati ya hotuba uliposikika mshindo. Haukuwa mkubwa. Sufiani alidhani lori limemwaga kokoto barabarani. Kisha mtu akaingia akasimama mlangoni na viatu mkononi, akamtafuta kwa macho kati ya safu.

Alikimbia peku. Alipofika, upande wa kushoto wa nyumba haukuwepo. Bati lilikuwa limelala chini, na chini ya bati kulikuwa na kilima cha udongo mwekundu uliolowa, na boriti zimetokeza kama miguu ya ng'ombe aliyekufa. Kitanda cha mama yake kilionekana ncha moja. Mswala haukuonekana.

Sufiani alipiga magoti akaanza kufukua kwa mikono. Hakuita mafundi, hakuomba jembe. Alifukua kama mbwa, kanzu imejaa matope, kucha zinavuja damu, akilia kwa sauti, "Mama, mama, mama nisamehe, ni udongo, nilijua ni udongo." Alisema hivyo mbele ya watu wote waliotoka msikitini. Alirudia mara nyingi, na kila aliyekuwa pale alisikia. Walisogea kumsaidia, wengine wakaanza kulia.

"Unatafuta nini, Sufiani?"

Bi Mwanamina alikuwa nyuma yake, mwiko mkononi, kanga kichwani. Alikuwa amesimama hapo kidogo. Alikuwa ametia udhu, akatoka kibandani kwenda chumbani kama alivyoahidi, akafika mlango wa uani. Lakini chungu cha maharage kilifurika kikazima moto nyuma yake, akarudi kukitazama. Maharage tu. Sufiani aligeuka akamwona, akabaki amekaa kwenye matope ameshika upindo wa kanga ya mama yake kama mtoto wa miaka mitatu. Safina ndiye aliyemwinua.

Siku ya tatu watu walikuja kutoa pole. Mkeka ulitandikwa mbele ya kilichobaki, kahawa ikapikwa, ikawa msiba kamili ila hakuna maiti. Iddy hakuonekana, na simu yake haikupatikana. Sufiani alikaa mwisho wa mkeka, vidole vimefungwa vitambaa.

Saa nne ikaja pikipiki. Nassibu akashuka, hakumsalimia mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye mwimo wa mlango uliobaki, akaitungua kofia ya Sufiani iliyokuwa imening'inia kwenye msumari, akaivaa. Akachukua mto mkekani akautia ndani ya shati. Watu wakaelewa. Kisha akatembea, tumbo mbele, mikono nyuma, hatua zilezile za Sufiani. Akafika kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, akakipiga kofi.

"Hii ni bloku ya inchi sita," akasema, na tonge la udongo likadondoka mguuni kwake.

Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo. Wa pili hakuweza kuziba. Nassibu akaenda kwenye shimo la nguzo, akaigiza kuangusha noti, akasema, "Toka, njaa yako imeonekana." Sasa walicheka wote, wanawake walijifunika kanga. Akaja kwenye kilima cha udongo. Akapiga magoti. Akaanza kufukua kwa mikono, akilia kwa sauti ya Sufiani kama alivyosimuliwa, mama, mama, nilijua. Alifukua kwa muda mrefu. Kicheko kikapungua, kikaisha, akabaki yeye peke yake anafukua, na mto umemtoka shatini umelala kando.

Sufiani aliinuka. Safina alimshika mkono, naye akautoa. Alikwenda mpaka pale, akasimama juu ya yule mtu aliyevaa kofia yake, na hakuna aliyejua kama atampiga. Akatia mkono mfukoni kwa shida kwa sababu ya vile vitambaa. Akatoa noti ya elfu kumi, akamnyooshea.

Nassibu akaitazama. Akaipokea, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Kutoka mlangoni mwa kibanda, bila kuinua macho kwenye ungo wake, Bi Mwanamina akasema, "Hapo sasa ndiyo anatania."